Kutoka "si haba" hadi maafikiano: maswali ambayo kamati za shehia huuliza kuhusu kupima kwa maneno

Njia hii inafanya nini hasa?

Inasaidia kikundi kuchagua kitu kimoja kati ya vichache pale wajumbe wanapopima kwa maneno, na maneno yenyewe hawana uhakika nayo. Ukimuuliza mjumbe wa kamati ya uvuvi kama mwamba fulani unafaa kufungwa, yaani usivuliwe kwa muda ili pweza wakue, hakujibu "6.5". Atakwambia "si haba", au "upo baina ya wastani na mzuri". Jibu hilo limebeba anachokijua pamoja na wasiwasi wake. Njia hii inalipokea kama lilivyo, inapima wajumbe wamekaribiana kiasi gani, inaonyesha khitilafu iko wapi, kisha inawarudisha kuzungumza. Hesabu zake ni kujumlisha, kutoa na kugawa. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Mifano yote hapa ni ya kufunga mwamba wa pweza, kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi Pemba. Kisiwa Panza, kwa mfano, ni miongoni mwa jamii zilizowahi kufunga miamba kwa muda ili pweza wakue. Lakini hatua ni zilezile kwa kikundi cha mwani kinachochagua pa kujenga banda la kukaushia, au kamati ya skuli inayopanga kipi kijengwe kwanza.

Kwa nini tusinyooshe mikono tukahesabu?

Mnaweza, na kwa mambo mepesi fanyeni hivyo. Tabu ya mikono ni kwamba inafuta tofauti. Aliyeukubali mwamba kwa moyo wote na aliyeukubali kwa sababu jirani yake amenyoosha wanahesabiwa sawa. Kwenye kufunga mwamba hilo ni hatari: walinzi wa eneo lililofungwa ni watu walewale walioshindwa kura. Asiyeridhika hahitaji kupinga mkutanoni. Huingia usiku na taa yake.

Mbona mnasema "maafikiano" na si "maridhiano"?

Kwa sababu hapa Zanzibar "maridhiano" ina historia yake, ya mapatano ya CCM na CUF ya 2009 na 2010 na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010. Ukilitaja kwenye mkutano wa diko (pwani wanapoteremshia samaki), nusu ya watu wanaanza kufikiria vyama.

Kwa nini maneno, na si alama 1 hadi 10?

Namba humlazimisha mtu aonyeshe uhakika asiokuwa nao. Halafu kila mtu ana kumi yake: aliyezoea alama za skuli huona 5 ni nusu ya kufeli, mchuuzi huona 5 ni bei ya katikati. Maneno nayo yana matatizo yake, lakini ni matatizo mnayoweza kuyazungumza kabla ya kuanza.

Tutumie maneno mangapi, na yepi?

Matano au saba. Idadi iwe witiri ili pawepo neno la kati. Zaidi ya saba watu wanaanza kubahatisha tofauti. Saba yanayofanya kazi vizuri kwa mwamba ni haya, na namba iliyo mbele ya kila neno ni ya mwandishi tu:

0 haufai kabisa
1 haufai
2 hafifu
3 wastani
4 si haba
5 mzuri
6 mzuri mno

Tumieni angalau dakika ishirini kuyakubali maneno haya kabla mtu hajapima chochote. Kazi nyingi huharibikia hapa. "Si haba" kwa watu wengi ni sifa ya kiasi, iko juu ya wastani. Lakini wapo wanaolisema kwa kushukuru tu, kama mtu anayeulizwa hali, na kwao halisemi lolote juu ya mwamba. "Si mbaya" ni mbaya zaidi: mmoja analiweka kwenye 3, mwingine kwenye 5. Liacheni. "Afadhali" nalo liacheni kabisa, kwani linalinganisha. Mtu akisema mwamba wa kati ni afadhali, amekwambia ni bora kuliko mwingine alioufikiria yeye, na huo mwingine huujui.

Njia ya kuyajaribu: chukueni kitu kinachojulikana na wote, kama gati ya karibu au barabara ya kuingia kijijini, kila mtu akipime kwa siri. Majibu yakitawanyika kutoka 1 hadi 5 kwa barabara ambayo kila mtu anaipita kila siku, tatizo ni maneno. Rudini kuyaweka sawa.

Na "inshallah" si alama. Mtu akijibu hivyo, muulize tena kwa upole, maana huenda ni adabu ya kusema hapana.

Mtu asiye na uhakika anaandikwaje?

Kwa ncha mbili. "Baina ya wastani na mzuri" inaandikwa 3–5. "Si chini ya si haba" ni 4–6. "Mzuri tu, sina shaka" ni 5–5. Msimchagulie neno la katikati kwa kumrahisishia. Anayesema 3–3 na anayesema 1–5 wana katikati moja, lakini wa kwanza anajua anachosema na wa pili anakisia. Mkiandika 3 kwa wote wawili mmetupa nusu ya habari mliyoikusanya.

Wekeni mpaka: ncha zisiachane kwa zaidi ya hatua 3.

Je, akisema hajui kabisa?

Mwacheni wazi kwenye mwamba huo. Kosa la kawaida ni kumwandikia 0–6, eti kwa kuwa chochote kinawezekana. Kihesabu 0–6 haiko kimya: inavuta ncha zote mbili za kikundi na kuupanua wastani wenu, na yeye mwenyewe anaonekana mpinzani wakati ni mgeni tu wa mwamba ule. Wastani wa mwamba huo ugawanywe kwa idadi ya waliojibu.

Wajumbe wengine hawasomi. Tufanyeje?

Choreni vyumba saba kwa chaki sakafuni, kutoka kushoto kwenda kulia, kimoja kwa kila neno. Kila mjumbe anapewa komwe mbili za bao. Anaweka moja kwenye neno la chini analoliona linawezekana na nyingine kwenye neno la juu. Mwenye uhakika anaweka zote mbili chumba kimoja. Mwandishi ananakili, anaziokota, anaita mwingine.

Tundikeni pazia au kanga ili wengine wasione. Hili si jambo la hiari. Mzee akiweka komwe zake hadharani kwanza, waliobaki wote wataziweka karibu na zake, na mtapata maafikiano mazuri sana ya mtu mmoja.

Kukubaliana kunapimwaje? Tupeni mfano kamili.

Mfano wa kubuni. Miamba mitatu: wa Nje, wa Kati na wa Ndani. Wapimaji watano. Duru ya kwanza imetoka hivi:

Mzamiaji: Nje 1–2, Kati 4–5, Ndani 5–6
Mama anayechokoa pweza kwa miguu: Nje 4–6, Kati 3–4, Ndani 0–1
Mchuuzi: Nje 3–4, Kati 5–5, Ndani 3–5
Mzee wa diko: Nje 2–3, Kati 4–5, Ndani 3–4
Mtu wa doria: Nje 0–1, Kati 5–6, Ndani 4–6

Hatua ya kwanza, tafuteni kauli ya kikundi kwa kila mwamba. Jumlisheni ncha za chini mgawanye kwa 5, kisha ncha za juu vivyo hivyo. Nje inatoka 2.0–3.2, Kati 4.2–5.0, Ndani 3.0–4.4.

Hatua ya pili, umbali wa kila mtu na kikundi. Chukueni tofauti ya ncha ya chini na tofauti ya ncha ya juu, bila kujali alama ya kutoa, mzijumlishe, mgawanye kwa 12. Kumi na mbili inatoka wapi? Ncha mbili, na kila moja inaweza kuachana kwa hatua 6 kwa wingi wake. Mkitumia maneno matano, hatua ni 4, kwa hiyo mtagawanya kwa 8. Mama yetu kwenye Ndani: 0 na 3.0 zimeachana 3.0, 1 na 4.4 zimeachana 3.4, jumla 6.4, gawanya kwa 12 ni 0.53. Mkiitoa kwenye 1, kukubaliana kwake na wenzake juu ya mwamba huo ni 0.47 tu.

Hatua ya tatu, wastani wa miamba yote mitatu kwa kila mtu. Mzamiaji 0.83, mama 0.63, mchuuzi 0.91, mzee 0.98, mtu wa doria 0.76. Wastani wa wote watano ni 0.82. Kama kizingiti, yaani kiwango cha chini cha kukubaliana mlichojiwekea, ni 0.85, hamjafika.

Basi mama ndiye tatizo. Tumwambie abadilishe?

Hapana, na hapa ndipo tunapoomba msomaji asimame kidogo.

Vitabu vingi vya fani hii vinaeleza hatua ya marekebisho hivi: mtafute aliye mbali zaidi, mwambie asogee kuelekea kwenye wastani, pimeni tena. Namba itapanda, hilo halina shaka. Lakini namba inajua nani yuko mbali. Haijui nani yuko sahihi. Katika mfano huu mama ameupa mwamba wa Ndani 0–1 kwa sababu ndio pekee unaofikika kwa miguu maji yakitoka. Mzamiaji mwenye ngalawa ataenda mwamba mwingine. Mama mwenye kijiti na ndoo hana mwingine. Wanaume wanne hawakulifikiria hilo kwa kuwa haliwahusu, si kwa ubaya.

Kwa hiyo mtu aliye mbali apewe nafasi ya *kusema*, na wote wapime upya, si yeye peke yake. Mwezeshaji aulize hivi: "Mama, umeona nini huko Ndani ambacho sisi hatukukiona?" Asiulize: "Mbona wewe peke yako?" Maswali yale mawili yanaleta duru mbili tofauti kabisa.

Mtu wa doria naye aulizwe. Sifuri yake ya Nje ni ya mafuta ya boti: kuulinda mwamba wa mbali kunahitaji mashine na mafuta ambayo kamati haina. Hiyo ni habari, na mama naye alikuwa haijui.

Duru ya pili ya mfano huo ilitokaje?

Baada ya maelezo, juu ya Ndani mzamiaji alishuka hadi 2–4, mchuuzi, mzee na mtu wa doria hadi 2–3, na mama akapanda kidogo, 0–2. Juu ya Nje mama alishuka 3–4 na mtu wa doria akapanda 1–2. Juu ya Kati mama alipanda 4–5. Mengine yalibaki.

Kauli ya kikundi sasa: Nje 2.0–3.0, Kati 4.4–5.2, Ndani 1.6–3.0. Kukubaliana kwa wote ni 0.90, na aliye chini kabisa, mama bado, ana 0.86. Kizingiti kimevukwa.

Tazameni ni nani aliyesogea zaidi: wanne walimfuata mmoja. Mngemlazimisha yeye peke yake, mngefika 0.85 vilevile, na mwamba wa Ndani ungebaki chaguo la pili, tayari kufungwa mwaka unaofuata.

Lakini Kati ulikuwa wa kwanza tangu duru ya kwanza. Tumepoteza muda?

Wa kwanza ndiyo. Wa pili umebadilika: katikati ya ncha, Ndani ulikuwa 3.7 na Nje 2.6, sasa ni 2.3 na 2.5. Kamati nyingi hufunga kwa mzunguko, kwa hiyo wa pili una maana. Na angalieni, 2.3 na 2.5 zimekaribiana mno na ncha zake zinapishana. Msiandike kwenye muhtasari kwamba Nje ni chaguo la pili. Andikeni kwamba baina ya hiyo miwili hamjaamua.

Katikati ya ncha za Kati ni 4.8. Tunaisomaje mbele ya mkutano?

Irudisheni kuwa neno. Neno lililo karibu na 4.8 ni la 5, "mzuri", pungufu kwa 0.2. Mnasema: "Kikundi kinaona mwamba wa Kati ni mzuri, kwa upungufu mdogo." Namba ya ziada ibaki kwenye daftari, mtaihitaji kulinganisha. Kanuni hii ya neno pamoja na upungufu au ziada isiyofika nusu hatua ni ya Francisco Herrera na Luis Martínez wa Hispania, 2000. Msingi wa yote, kwamba neno la kawaida linaweza kufanyiwa hesabu bila kulibana kwa namba moja, ni wa Lotfi Zadeh, mzaliwa wa Baku aliyefundisha Berkeley, Marekani, katika kazi zake za 1965 na 1975. Kuandika neno kwa ncha mbili kulienezwa na Zeshui Xu wa China kuanzia 2004.

Kizingiti kiwe ngapi, na duru ngapi?

Baina ya 0.80 na 0.90 kwa kamati ya kawaida. Jambo lisilorudishika, kama kuuza kiwanja cha jamii, liwekeeni 0.90. La muda, kama kufunga mwamba miezi mitatu, 0.85 inatosha. Kiandikeni kizingiti kabla ya kupima, kwani baada ya matokeo kila mtu atakuwa na kizingiti kinachompendeza.

Wekeni na sharti la pili, kwamba asibaki mtu chini ya 0.70. Wastani huficha: wanane wanaokubaliana barabara wanaweza kumfunika mmoja aliye mbali kabisa.

Duru tatu, kwa shida nne. Kuanzia ya nne watu wanasogea kwa kuchoka.

Sheha au mzee apewe uzito zaidi?

Mkitaka, ndiyo, ila uzito ukubaliwe kabla ya kupima na uwe na sababu inayohusu jambo lenyewe. Anayejua mwamba kwa kuuingia ana sababu. Cheo peke yake si sababu. Kama mnampa mtu uzito wa mara mbili, ncha zake zinahesabiwa mara mbili na mgawanyo unakuwa kwa 6 badala ya 5. Ushauri wetu kwa kamati inayoanza ni kuwapa wote uzito sawa. Sheha afungue mkutano na aweke komwe zake wa mwisho, au asipime kabisa.

Mtu akipima kwa hila je?

Dalili yake ni 6–6 kwa mwamba anaoutaka na 0–0 kwa mingine yote. Katika watu watano, sifuri moja ya uongo inaweza kuushusha wastani kwa hatua nzima. Mkishuku hivyo, tumieni jibu la katikati badala ya wastani: pangeni ncha za chini kutoka ndogo hadi kubwa mchukue ya tatu, na za juu vilevile. Mwenye hila habebi kitu.

Tumefanya kila kitu na namba haipandi. Kwa nini?

Aghalabu kwa sababu mliuliza maswali matatu kwa sauti moja. "Mwamba huu unafaa?" ni swali pana mno. Mzamiaji anajibu kama pweza wapo, mtu wa doria anajibu kama unalindika, mama anajibu nani ataumia. Hawapingani, wanazungumzia vitu vitatu. Tenganisheni: kila mwamba upimwe kwa kila kigezo peke yake, vigezo vitatu au vinne, visizidi. Mara nyingi mtakuta kwamba kwenye kila kigezo watu wanakubaliana vizuri, na khitilafu halisi ni kigezo kipi kina uzito. Hilo nalo lipimeni kwa maneno yaleyale.

Sababu nyingine ni chaguo lililokosekana. Ikiwa kila mwamba una kundi linaloukataa kwa 0–1, labda jibu ni sehemu tu ya mwamba, au miezi miwili badala ya mitatu.

Ikishindikana kabisa, semeni imeshindikana. Andikeni khitilafu ilipo, na nani anataka kujua nini zaidi, mkutane tena baada ya mtu kwenda kuangalia.

Inachukua muda gani, na tukutane lini?

Watu saba na miamba mitatu: kama saa mbili na nusu kwa duru mbili, pamoja na kuyaweka sawa maneno. Vifaa ni chaki, komwe kumi na nne, pazia, daftari na simu. Mwandishi asiwe mpimaji.

Siku ina maana kuliko mnavyodhani. Kamati ikikutana asubuhi ya bamvua, maji yametoka na wachokoaji wako mwambani, wote. Mtapata kukubaliana kuzuri kwa kuwa wanaopinga hawapo. Chagueni maji mafu, na si Ijumaa mchana.

Daftari tulifanyie nini baadaye?

Lihifadhini na duru zote, si ya mwisho pekee. Mwamba ukishafunguliwa na mavuno kujulikana, rudieni majibu ya duru ya kwanza muone nani alikadiria karibu na nani alikadiria mbali, mwamba kwa mwamba. Hapo ndipo mnapata sababu ya kweli ya kumpa mtu uzito zaidi safari ijayo, na mara nyingi huwa si yule mliyemdhania.